Dada, usitoe hata shilingi kabla jina lako halijaingia kwenye karatasi ya kiwanja

Umeniandikia kuomba ushauri, nami nakujibu: usiijaze kwanza hiyo fomu ya kikoba, kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mume anataka uchukue mkopo wa milioni tatu mmalizie kupaua. Kiwanja mlinunua mkiwa ndani ya ndoa, lakini mkataba wa mauziano una jina lake peke yake. Mama mkwe anasema mke anayedai jina anajitabiria talaka.  Nakuonya kuhusu mkopo, maana ndipo nilipoangukia mimi.

Deni litakuwa na jina lako. Wadhamini ni wanakikundi wenzako, dhamana ni hisa zako, na rejesho la kila wiki litatoka mfukoni mwako. Bati zikishapigiliwa misumari ni sehemu ya nyumba, na nyumba imesimama kwenye kiwanja chenye jina la mtu mwingine. Yaani mzigo ni wako kwa maandishi, mali ni yenu kwa mdomo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, hadi mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yenu wote wawili, itachukuliwa kuwa mna haki sawa. Soma hapo taratibu. Sheria haikunyimi haki, inakupa kazi ya kuthibitisha, na kazi hiyo utaifanya wakati ndoa imeshavunjika, akili imechoka na shahidi wako mkuu ndiye mpinzani wako.

Nina hasira mpaka leo na wale watoa semina waliotukalisha kwenye viti vya plastiki wakatuambia, "Msihofu akina mama, mahakamani ni nusu kwa nusu." Ni uongo! Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na katika kugawa inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo, pia mila za jamii zenu. Kinaielekeza mahakama ielemee kwenye usawa baada ya kupima hayo yote, lakini nusu ya uhakika haimo. Wakatutajia na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani ni mchango. Kweli ilikubali, na ni hukumu kubwa. Ila hawakumalizia kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa. Mtu anayekupa nusu ya habari kuhusu haki zako anakuacha pabaya kuliko asiyekwambia kitu, kwa sababu unalegea.

Sasa kosa langu lenyewe. Kwenye fomu, pale palipoandikwa sababu ya mkopo, niliandika "biashara", kwa kuwa vikundi hupenda kusikia biashara. Karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyonishitaki. Unadai fedha ilijenga nyumba, wakati saini yako inasema ilikwenda kwenye biashara. Deni la "biashara yako" linabaki lako, ilhali deni lililoandikwa "kupaua nyumba ya familia" linaingia moja kwa moja kwenye yale mahakama inayotakiwa kuyaangalia. Neno moja tu, dada.

Pili, fedha ikapita mkononi mwa mume. Ukimkabidhi taslimu, yeye ndiye anakwenda dukani, risiti inatoka kwa jina lake, fundi anamjua yeye, na dereva aliyeleta mbao anamtaja yeye. Kila shahidi wa ujenzi ni wake. Wewe unabaki na kumbukumbu, na kumbukumbu haina tarehe.

Kwa hiyo kabla ya mkopo, jina. Kiwanja chenu hakijapimwa, basi hakuna hati ya kubadilisha bado, na hiyo inarahisisha. Nendeni kwa wakili mwandike makubaliano kwamba kiwanja ni chenu wote wawili: ukubwa wake, majirani wa pande nne, tarehe ya kununua, aliyewauzia, na namba ya mkataba wa kwanza kama upo. Mtie saini wote, kila mmoja na shahidi wake. Nakala tatu: yako, yake, na ya ofisi ya serikali ya mtaa, ipigwe muhuri. Yako isikae kabatini humo humo ndani.

Siku wapimaji wakipita, majina mawili kwenye fomu, sio "familia ya fulani". Na uliza aina ya umiliki. Wa pamoja, mmoja akifariki, ardhi yote inabaki kwa aliye hai. Wa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi, na hapo ndugu wana neno. Wengi wanasaini bila kujua walichochagua.

Kisha mkopo, ukiwa na sababu yake ya kweli. Lipa wewe mwenyewe duka la vifaa kutoka simu yako au akaunti yako, risiti iandikwe jina lako, idadi ya bati na tarehe. Ujumbe wa "nitumie ya misumari" usifute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, lakini lazima uweze kueleza ulivyotunzwa, kwa hiyo picha ya skrini peke yake isikutoshe, simu yenyewe itunze.

Mama mkwe usigombane naye. Mwambie kwa heshima kwamba jina likiwemo, hata mwanawe akitangulia, wajukuu hawataombwa wahame. Na mumeo akikataa kabisa kusaini? Basi umepata jibu kabla hujatoa fedha, na hilo jibu mimi nililipata baada ya miaka sita ya marejesho.

Umesema kikao cha mikopo ni Jumamosi. Mwambie katibu akusogeze zamu moja mbele, vikundi vingi vinakubali kubadilishana zamu ukimpata mwenzako mwenye haraka. Wiki chache zinatosha kwenda kwa wakili na serikali ya mtaa. Mabati yatasubiri, na mbao mzifunike turubai.