Kwa nini John Proctor aliichana karatasi ya kukiri

Ndugu, umeuliza kwa nini John Proctor, katika tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible, anakubali kwa mdomo kuwa alishirikiana na shetani kisha anaichana karatasi aliyokwisha kuitia saini. Naona chanzo ni namna mahakama ya Salem, mji wa Massachusetts huko Marekani, ilivyofanya kazi mwaka 1692 ilipowahukumu watu kwa uchawi: aliyekiri alisalimika, aliyekana alinyongwa, na kwa hiyo woga ulizalisha mashahidi wapya kila siku.

Litazame kwa makini onyesho la Elizabeth, mke wa Proctor, ambalo kwangu ndilo lenye uchungu kuliko yote. Mumewe amekwisha kueleza mbele ya hakimu Danforth kwamba alizini na Abigail, kiongozi wa wasichana wanaowashtaki watu kwa uchawi, na amesisitiza kwamba mkewe hajapata kusema uongo. Elizabeth, aliyeitwa bila kuambiwa hayo na asiyeruhusiwa hata kumtazama mumewe usoni, anakana ili kumsitiri, na uongo huo mmoja uliosemwa kwa mapenzi unamwokoa Abigail. Punde wasichana hao wanapiga mayowe kwamba wanaona ndege darini, na Mary Warren, mtumishi wa Proctor na mmoja wao, aliyekuja kusema kweli, anaelemewa, anarudi upande wao na kumshtaki Proctor mwenyewe.

Ndiyo maana Proctor yuko tayari kujisingizia mwenyewe, lakini hakubali kuwataja wengine wala karatasi yake ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, siku ileile Rebecca Nurse, bibi mzee mcha Mungu aliyehukumiwa kwa uchawi, anapokwenda kunyongwa bila kukiri. Anawafikiria wanawe watatu, ambao hataweza kuwalea kwa uso mkavu akiwa amewauza rafiki zake.