Matlai katika Ghuba ya Chwaka: hesabu mwezi kabla ya kutazama upepo

Upepo wa kusi ukishatulia, Oktoba na Novemba, ndiyo majira ya matlai, wengi hukimbilia Chwaka, mashariki ya Unguja, na mishipi kwa sababu bahari imelala. Bahari kulala peke yake hakuleti samaki. Ghuba hii ni ya maji mafupi, imejaa majani ya bahari, na kinachoamua siku yako ni kupwa na kujaa: bamvu (maji makubwa) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu (madogo) karibu mita 1 tu.

Siku za bamvu, yaani mwezi 1 hadi 4 na 15 hadi 18 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, yakapwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo asubuhi yote unavua maji yakitoka: mkondo mkali, tope la mikoko ya kijito cha Mapopwe, na majani yaliyokatika. Unavuta mshipi ukidhani umepata, kumbe shada la majani limeifunika ndoana. Ukichelewa kurudi, mtumbwi unakaa mchangani mpaka maji yarejee.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Ndiyo maana siku nzuri kuliko zote ni mwezi 9 hadi 11 na 24 hadi 26: maji huanza kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, na mwanga unatoka pamoja na maji safi ya nje. Changu na mkundaji hupanda kutoka mkondoni kuja kula kwenye majani. Tia nanga ukingoni, pale majani yanapokutana na mchanga, si katikati ya majani. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye samaki.

Mshipi wa milimita 0.4 na chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 30 vinatosha. Chubwi likae chini kabisa, ndoana ya kwanza shubiri moja juu yake. Wengi hufanya kinyume, ndoana inazama kwenye majani na kaa wanamaliza chambo. Tumia ngisi, kipande cha upana wa ukucha; nyama ya kamba ni laini, hunyofolewa na visamaki kabla changu hajafika.

Akija tasi, usimshike mkono mtupu. Ana miiba 13 mgongoni, na mingine tumboni, yote ina sumu. Mshike kwa kitambaa kinene, ukipitisha mkono toka kichwani kwenda mkiani ili miiba ilale. Akikuchoma, tumbukiza kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili bila kuungua, nusu saa au zaidi. Joto huiharibu sumu hiyo. Yajaribu kwanza kwa mkono mzima, maana uliochomwa hausikii moto sawasawa.

Mvua ya vuli ikipiga usiku, achana na upande wa mikoko, sogea karibu na mlango wa ghuba. Na upepo ukianza kugeukia kaskazini, ng'oa nanga mapema: rasi ya Michamvi hukinga kusi, kaskazi huingia moja kwa moja.