Kwa mnaoanza somo la homoni

Wadogo zangu mnaoripoti vyuo vya afya Mtwara na Lindi, najua mtakachofanya kwanza: jedwali la safu tatu, tezi, homoni, kazi yake. Litawavusha mtihani wa kwanza, kisha litawaacha kwenye mataa wodini. Kwa kila homoni jiulizeni nani kaamuru itoke, na nani atasema basi.

Anzeni na sukari. Mfungaji wa Ramadhani pale Mikindani kala daku, na mpaka magharibi hajatia kitu kinywani, lakini anafanya kazi zake. Seli za alfa za kongosho zinatoa glukagoni, ini linaachia sukari lililoihifadhi kama glaikojeni. Akifuturu kwa tende na mihogo, sukari inapanda, seli za beta zinatoa insulini, misuli na mafuta vinaichukua. Ikishuka, insulini nayo inapungua. Hapa hakuna bosi kichwani anayesubiriwa, kwa sababu kongosho linapima damu lenyewe. Asiye na kisukari, kabla ya kula, husoma kati ya 3.9 na 5.5 mmol/L hivi (kipimo cha sukari kwenye damu); 7.0 na kuendelea, kipimo kikirudiwa kikabaki hapo, ni kisukari.

Thairoidi, tezi ya shingoni, ndiyo inayowachanganya wengi. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamuru pituitari, tezi iliyo chini yake, kwa homoni ya TRH, pituitari huiamuru thairoidi kwa homoni ya TSH, na homoni za thairoidi yenyewe, T3 na T4, zikitosha, hao wawili wa juu hunyamaza. Sasa majibu yamekuja, TSH iko juu, na mwanafunzi anaandika haraka kwamba thairoidi imezidi. Mara nyingi ni kinyume. Bibi anayemwita mjukuu mkaidi hupaza sauti kwa sababu haitikiwi. Angalieni T4 kabla ya kuandika lolote.

Kelele hizo zikiendelea muda mrefu, tezi huvimba, ndiyo goita. Hapa kwetu ulizeni habari za chakula. Tezi haitengenezi homoni bila iodini, na wengi wanaamini chumvi ya mashamba ya pwani, kwa kuwa imetoka baharini, inayo ya kutosha. Haina, mpaka iongezwe. Halafu kuna muhogo mchungu: makopa yasiyolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu ya sayanaidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo huzuia iodini kuingia kwenye tezi. Mwenye iodini ya kutosha huhimili. Asiye nayo anapigwa mara mbili. Msiwaambie watu waache muhogo, hawatawasikiliza, na wana haki. Ongeeni juu ya kuuandaa na juu ya chumvi.

Oksitosini ya uchungu inakwenda kinyume na hizo: kichwa cha mtoto kikisukuma mlango wa kizazi, homoni inaongezeka, uchungu unazidi, kinasukuma zaidi, mpaka mtoto atoke. Leba itawafundisha kuliko mimi.

Nitakaa zaidi kwenye kotisoli. Pituitari hutoa ACTH, homoni ya kuamuru, tezi za adrenali juu ya figo hutoa kotisoli, kotisoli ikitosha ACTH inashuka. Mtu mwenye pumu au viungo vinavyouma ananunua prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, duka la dawa, anaona nafuu, anaendelea miezi. Pituitari haijui kama kilichomo kwenye damu kimetoka kwenye adrenali au kwenye kidonge. Inaona kipo, inaacha kuamuru. Adrenali zisizoamriwa hunywea. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo, ziamke.

Sasa pesa imeisha kabla ya msimu wa korosho, kaacha ghafla, na wiki hiyohiyo kapata homa. Anafika hana nguvu, anatapika, presha iko chini, pengine na sukari pia iko chini. Kipimo cha malaria kikisoma chanya, mtashawishika kuishia hapo. Ulizeni alikuwa anameza nini na kaacha lini, ombeni ndugu walete pakiti, pimeni sukari, mwiteni mkubwa wenu wa zamu, na mhakikishe haidrokotisoni ya sindano, yaani kotisoli kama dawa, ipo kabla hamjaanza kubishana juu ya utambuzi.