Muulize Fundi: Redio ya kiwandani, amplifaya ya dukani

SWALI: Shikamoo Fundi. Gari langu lina redio iliyokuja nalo kutoka kiwandani. Sitaki kuing'oa, maana ndiyo yenye kamera ya nyuma na vitufe vya kwenye usukani. Nilinunua amplifaya ya chaneli nne, boksi limeandikwa wati 1000. Fundi aliifunga kwenye buti kwa kutumia konvata, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa nyaya za spika uwe sauti ndogo inayofaa kuingia kwenye amplifaya, aliyoiunga kwenye nyaya za spika za nyuma. Sasa injini ikiwaka nasikia mluzi mwembamba kwenye spika, nikikanyaga mafuta nao unapanda. Halafu sauti ikiwa chini besi ni tamu, lakini nikiongeza sauti besi inakimbia, inabaki kelele ya trebo tu. Fundi anasema redio ndiyo mbovu, ninunue nyingine. Fyuzi ipo, nimeiona mwenyewe palepale buti, karibu na amplifaya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mluzi na besi nitavifikia, lakini hiyo fyuzi ya kwenye buti ndiyo iliyonishtua. Kabla hujasoma mstari mwingine, fungua boneti uchomoe ule waya mwekundu wa amplifaya kwenye betri.

Fyuzi ya waya huo hailindi amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Hii kazi yake ni kulinda waya wenyewe. Waya unatoka kwenye betri, unapenya bati linalotenga injini na miguu yako, unalala chini ya zulia mita nne au tano mpaka buti. Ukichubuka popote njiani ukagusa bodi, betri itamwaga humo mamia ya ampea, na fyuzi iliyokaa mwisho wa safari haitajua lolote kwa sababu umeme haujaifikia. Waya utakuwa mwekundu kama koili ya jiko, na juu yake kuna zulia. Fyuzi ikae shubiri mbili kutoka kwenye betri, isizidi hapo. Pale waya unapopenya bati, pawe na mpira. Kama fundi wako alitoboa tundu akapitisha waya mtupu, makali ya bati yanaukata kidogo kidogo kila gari linapotikisika.

Ukiwa hapohapo, uchunguze waya wenyewe. Kwangua ncha yake kwa kisu. Ukiona ndani ni mweupe, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hubeba umeme pungufu kuliko shaba tupu ya unene uleule. Unene nao usiupime kwa macho, maana plastiki nene huficha waya mwembamba. Fyuzi za amplifaya yako sijui ni za ngapi, lakini tuseme ni mbili za ampea 20. Ampea 40 kwenye waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, kwa mita tano, zinapoteza kama volti 0.4 njiani. Kwenye waya wa milimita 21 za mraba zinapotea chini ya 0.2. Fyuzi ya betrini ichaguliwe kwa uwezo wa waya, si kwa kilichoandikwa kwenye boksi.

Na boksi lenyewe lisikusumbue. Chukua hizo ampea 40, zidisha kwa volti 13.8 za gari linalowaka, unapata wati 552 zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu. Amplifaya ya daraja la D hurudisha karibu asilimia 80, ile ya zamani ya daraja la AB hurudisha nusu au zaidi kidogo, kinachobaki kinakuwa joto. Kwa hiyo wati 1000 za boksi huenda ni 300 za kweli, 75 kwa kila spika. Usisikitike. Redio yako, hata kama imeandikwa 50 x 4 usoni, kwa volti 14 inazopewa haitoi zaidi ya wati 20 hivi safi kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Kutoka 20 kwenda 75 utakusikia, ila usitegemee sauti mara nne: ni nyongeza ya desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio huhitaji kama 10 ndipo liseme sauti imeongezeka maradufu.

Sasa mluzi. Unapanda na injini kwa sababu unatoka kwa alteneta, na umepata njia ya kuingia kwenye sauti. Zima kila kitu, chomoa nyaya za sauti zinazotoka kwenye konvata kwenda kwenye amplifaya, kisha washa gari. Mluzi ukinyamaza, unaingilia kwenye konvata au njiani. Ukiendelea, tatizo ni umeme wa amplifaya yenyewe, na hapo mimi huanza na waya wa hasi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya, ya pili kwenye nguzo ya hasi ya betri (itabidi urefushe waya wa mita), na muziki upige kwa nguvu. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, waya wa hasi haujashika vizuri. Mara nyingi nakuta umefungwa kwenye bolti ya kiti yenye rangi na gundi, na mara mbili nimeukuta kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Bolti ile iache kabisa, maana imekazwa kwa ajili ya uhai wa mtu. Tafuta bati la bodi karibu na amplifaya, likwangue rangi mpaka ling'ae, funga hapo kwa waya mfupi, nusu mita ikitosha, wenye unene uleule wa mwekundu. Kisha paka grisi juu yake pasipate kutu.

Ikiwa upande wa konvata ndiko tatizo liliko, nina hadithi. Zamani kidogo, nikiwa bado najiona fundi kuliko nilivyokuwa, nilifunga konvata ya bei ya chini kwenye gari la shemeji yangu. Ilikuwa na waya mmoja mweusi wa pande zote mbili. Nikachukua hasi ya spika ya kushoto na hasi ya spika ya kulia, nikazisokota pamoja, nikazikandamiza kwenye bodi kama tulivyozoea kwenye redio za nyumbani. Redio ikapiga sekunde chache, ikanyamaza, ikatoka ile harufu ambayo hakuna fundi anayeisahau. Spika za redio za gari husukumwa kutoka pande zote mbili: waya wa chanya ukipanda, wa hasi unashuka. Ile hasi si hasi ya betri, ina umeme wake. Kuigusisha na bodi ni kuipiga shoti chipu ya redio. Shemeji mpaka leo akiniletea gari huniuliza kwanza kama nimelala vya kutosha.

Kwa hiyo iangalie konvata yako. Kila spika iingie kwa nyaya zake mbili, hasi zisichanganywe. Iliyo nzuri ina vitransfoma ndani vinavyotenga upande wa redio na upande wa amplifaya, na hivyo peke yake huua mluzi mara nyingi. Amplifaya nyingi za sasa pia zina mlango wa kupokea nyaya za spika moja kwa moja. Kama yako unao, itupe konvata. Nyaya za sauti zipitishe upande mmoja wa gari, waya wa umeme upande wa pili.

Tuje kwenye besi, ambako simwafiki fundi wako hata kidogo. Redio yako si mbovu, inafanya ilichoagizwa. Waliotengeneza gari walijua spika za mlangoni ni za karatasi nyembamba, na kwamba mwenye gari siku moja atafungulia sauti yote. Basi wakaiagiza redio ipunguze besi kadiri sauti inavyopanda, ili spika zisipasuke. Amplifaya haijui habari hizo. Inachukua inachopewa na kukikuza, ikipewa besi iliyokatwa inakuza besi iliyokatwa. Ungeweza kununua amplifaya tatu na ugonjwa ungebaki palepale.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa mita. Tafuta rekodi mbili za mlio mtupu, moja ya hezi 40, yaani besi ya chini, na nyingine ya hezi 200, iliyo juu zaidi, zilizorekodiwa kwa nguvu sawa. Usitumie ya hezi 1000 ambayo wengi hushauri, maana mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani na huko juu husoma uongo. Weka mita kwenye volti za AC, shika nyaya mbili za spika moja, piga mlio mmoja kisha mwingine, ukipandisha sauti. Gari moja nililopima lilikuwa hivi: sauti ikiwa 10, milio yote miwili volti 0.9. Sauti 20, ule wa hezi 40 volti 2.4 na wa hezi 200 volti 2.8. Sauti 30, ule wa 200 umefika 6.1, na ule wa 40 umekwama kwenye 2.5. Yaani kuanzia 20 kwenda juu, mwenye gari alikuwa anaongeza kila kitu isipokuwa besi.

Ukishajua besi inaanza kukimbilia wapi, dawa ya kwanza haina gharama. Simama hapo. Kwenye gari lile tuliamua 20 ndiyo mwisho wa redio, kazi iliyobaki ifanywe na amplifaya. Hapo ndipo kile kidude cha geini kinapoeleweka. Wengi hukizungusha kama kitufe cha sauti, kumbe kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na mahitaji ya amplifaya. Chomoa spika kwenye amplifaya, shusha geini mpaka chini, zima nyongeza yoyote ya besi, kwenye redio besi na trebo ziwe katikati. Piga mlio wa hezi 200 uliorekodiwa kwa nguvu kamili, redio ikiwa 20, kisha pandisha geini taratibu huku mita ikiwa kwenye matokeo ya chaneli moja. Kwa wati 75 kwenye omu 4 unatafuta volti 17 na kidogo (75 mara 4 ni 300, na kipeuo cha pili cha 300 ni 17.3). Ukifika, acha. Rudisha spika. Utasikia mvumo umeongezeka kidogo muziki usipopiga, hiyo ndiyo bei yake. Na ukivuka 20 siku moja kwa furaha, sauti itaanza kukwaruza.

Kama hutaki kuishi na kikomo hicho, kuna prosesa zinazosikiliza kilichotoka kwenye redio na kurudisha besi iliyokatwa. Zinafanya kazi, lakini zinataka mtu mwenye subira wa kuzipanga. Kwa spika ulizo nazo mimi nisingekimbilia huko. Zile karatasi bado ni zilezile zilizofanya besi ikatwe, na sasa unazipelekea wati 75. Kwenye amplifaya tumia krosova, kile kichujio cha kugawa sauti za juu na za chini, ukate kila kilicho chini ya hezi 60 au 80 kwa spika za milango, na besi ya chini kabisa uiachie sabufa ukijaliwa kuipata. Tena usiguse kitufe cha redio cha kuhamisha sauti mbele na nyuma. Amplifaya yako inanyonya kwenye nyaya za nyuma, ukihamishia mbele unaipunja.

SWALI: Fundi, redio yangu haina ule waya wa bluu wa kuiwashia amplifaya. Rafiki ameniambia niunge kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri. Ni sawa?

JIBU: Ukifanya hivyo amplifaya haitalala kamwe, na asubuhi fulani gari halitawaka. Angalia kwanza kama amplifaya au konvata yako ina kujiwasha yenyewe. Nyaya za spika za redio nyingi, redio ikiwashwa tu, hukaa na volti kama 6 za DC hata kabla muziki haujaanza, na amplifaya ya namna hiyo inazihisi na kuamka. Ikikosekana, chukua umeme kwenye fyuzi inayofanya kazi ufunguo ukiwa umewashwa, kwa adapta ya fyuzi yenye fyuzi yake ndogo. Waya huo haubebi mzigo, unatoa amri tu. Ukiwa chini ya dashibodi na ukikutana na plagi au nyaya za njano, rudisha mkono. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa.

SWALI: Nguzo ya hasi ya betri yangu ina kiboksi kidogo chenye waya mwembamba. Nimeambiwa hasi ya amplifaya niifunge palepale juu ya nguzo ndiyo salama. Kweli?

JIBU: Hapana. Kiboksi hicho kinahesabu umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, na gari hutumia hesabu hiyo kuamua alteneta ichaji kiasi gani. Ukifunga upande wa nguzo, umeme wa amplifaya unapita bila kuhesabiwa, gari linaamini betri ina chaji nyingi kuliko ilivyo. Funga kwenye bodi, kwenye bati lililokwanguliwa, kama nilivyomwambia mwenzako hapo juu.