Darasani anajua yote, uwanjani ananyamaza: kijana mwenye usonji na stadi za kijamii

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana miaka 17, ana usonji. Anaongea vizuri na masomo hayamsumbui. Tulimpeleka kwenye mafunzo ya stadi za kijamii ya kikundi, mara moja kwa wiki, na kozi imeisha mwezi uliopita. Mkufunzi anamsifu sana: kwenye igizo dhima anapatia kila kitu, na ukimuuliza hatua za kuingia kwenye mazungumzo anakutajia zote bila kukosea. Shuleni ni kama hakuwahi kufundishwa. Wenzake wakikaa kupiga stori wakati wa mapumziko, ama anasimama pembeni kimya mpaka kengele ilie, ama anamdakia mtu katikati ya maneno na kuanza kueleza habari za treni, wenzake wakabaki kutazamana. Akirudi nyumbani anajifungia chumbani, hataki kusemeshwa mpaka usiku. Mkufunzi anashauri arudie kozi. Baba yake anasema kijana anafanya makusudi, maana kama anajua, mbona hafanyi? Je, turudie? Na nitapimaje kama mafunzo yanamsaidia?

Jibu

Mama, pole, na asante kwa kueleza kwa kina. Umenipunguzia nusu ya maswali ambayo ningekuuliza.

Nianze na hoja ya baba, kwa sababu ikiachwa hivyo itavuruga mengine yote. Mwanao hafanyi makusudi. Kuzijua hatua ni kazi moja ya ubongo, kuzitekeleza watu wakiwa mbele yako ni kazi nyingine, na pengo kati ya hizo mbili linafahamika vizuri kwa wanaofanya kazi hii. Mwaka 2017 Gates, Kang na Lerner walikusanya matokeo ya majaribio 19 ya mafunzo ya kikundi kwa watoto na vijana wenye usonji, yote yakiwa yamegawa washiriki kwa bahati nasibu. Vijana wenyewe waliripoti mafanikio makubwa. Ripoti zao zilipochambuliwa, ikaonekana walichopata zaidi ni kujua mtu mwenye stadi hufanya nini; kulifanya lenyewe hakukuonekana. Wazazi waliona mabadiliko madogo. Walimu hawakuona la maana. Kwa hiyo wewe na mkufunzi mnaweza kuwa mnasema kweli nyote wawili: yeye anaona anachokijua, wewe unaona anachokifanya.

Ndiyo maana kurudia kozi ileile, katika chumba kilekile, nakuona kama kumwongezea kile ambacho tayari anacho.

Sasa tulikalie jambo moja uliloliandika kwa kupita: ama ananyamaza, ama anadakia. Wengi huona hapo makosa mawili yanayopingana, leo mwoga na kesho mkorofi. Mimi naona tatizo moja, nalo ni la muda.

Mazungumzo ya kawaida yana kasi ambayo sisi tunaoyamudu hatuihisi kabisa. Uchunguzi wa lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mtu akimaliza kuuliza swali, mwenzake huanza kujibu baada ya takriban milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Kuandaa hata neno moja la kutamka huchukua muda mrefu zaidi ya huo, kama milisekunde 600. Hesabu hiyo haitoshei isipokuwa kwa njia moja: msikilizaji anaanza kuandaa jibu kabla msemaji hajamaliza, huku akikisia sentensi itaishia wapi kwa kufuata mshuko wa sauti, pumzi na macho. Ni kama kuingia kwenye kamba inayozungushwa na watoto wawili: ukisubiri uone nafasi ndipo usogee, umechelewa.

Mpe kazi hiyo kijana ambaye anachambua kwa makusudi, kimoja baada ya kingine, maneno, sura za watu na kelele za uwanja mzima. Anapogundua kwamba pale palikuwa na mwanya, mwingine ameshauchukua. Akikosa mara kadhaa anabakiwa na njia mbili: kukaa kimya, au kujitosa bila kusubiri mwanya. Na akijitosa, anajitosa na maneno yaliyo tayari mdomoni, yaliyoandaliwa tangu asubuhi. Ndiyo hizo treni. Mada ya mazungumzo iliyokuwepo alipoanza kujiandaa imeshapita, kwa hiyo wenzake wanaona ametokea hewani.

Kwenye igizo dhima hayo yote hayapo. Watu ni wawili, mada imetajwa, na mkufunzi anamsubiri amalize kufikiri. Anapatia kwa sababu ameondolewa sehemu ngumu.

Nini kifanyike? Msimfundishe kuwa na kasi. Mfundisheni milango isiyodai kasi. Wa kwanza ninaoupenda ni huu: asiingie kwenye kikundi, aingie kwa mtu. Amchague mmoja aliyekaa ukingoni, asimame ubavuni mwake badala ya mbele yake, amuulize kwa sauti ya chini, "Mnaongelea mechi ya jana?" Swali la namna hiyo linaandalika kabla. Haligombanii zamu na wale wanaoongea kwa sauti. Jibu lake linampa mada, ambayo ndiyo aliyokuwa anaikosa. Baada ya hapo anaweza kukaa kimya dakika tano na kusikiliza, na hiyo ihesabiwe kuwa amefaulu. Kukaa kimya ukiwa na watu ni tofauti kabisa na kusimama kimya pembeni.

Mlango wa pili ni mwisho wa kicheko. Watu wakicheka pamoja, kicheko kinapopungua huja mwanya mrefu kidogo kuliko mingine, na kuutambua hakuhitaji kusoma macho ya mtu. Mazoezi yake ni rahisi: chukua rekodi ya mazungumzo halisi ya watu watatu au wanne, isimamishe ghafla, muulize, "Huyu amemaliza au anaendelea?" Kisha endelea mhakikishe. Dakika kumi zinatosha, na vijana wanaopenda mifumo huligeuza kuwa mchezo. Tumieni mazungumzo ya kweli, si ya tamthilia. Waigizaji husubiriana kwa adabu ambayo haipo uwanjani.

Mlango wa tatu, ambao wazazi wengi huudharau, ni kwenda mahali ambapo shughuli yenyewe inagawa zamu: sataranji, michezo ya ubao, klabu ya kompyuta, kikundi cha wapenzi wa treni. Mazungumzo ya maandishi kwenye simu nayo yamo humu. Pale hakuna anayehesabu milisekunde. Urafiki ulioanza kwa maandishi ni urafiki. Sijawahi kuelewa kwa nini tunaupunguzia alama.

Tukija kwa mkufunzi, muulize mambo mawili: kazi za nyumbani zilikuwa zipi, na wazazi walifundishwa nini. Kuna programu iitwayo PEERS, iliyoanzishwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambayo kwa vijana huenda kwa wiki 14 hadi 16. Vijana wanapokuwa darasani, wazazi huwa chumba cha pili wakijifunza somo hilohilo, na kila wiki kijana anaondoka na zoezi la kufanya na mtu halisi, kwa mfano kumpigia simu mwenzake, baadaye kumwalika nyumbani. Nina manung'uniko yangu kuhusu programu hiyo, hasa inavyochukulia desturi za wasio na usonji kuwa ndicho kipimo, ila kwa muundo wa mazoezi wamepatia. Kozi isiyotoka nje ya chumba cha mafunzo hubaki chumbani.

Mkufunzi bora zaidi kwa mwanao sasa ni yule atakayekubali kufanya kazi pale pale tatizo lilipo. Kabla ya mapumziko wanakubaliana jambo moja tu: leo utamuuliza nani, na utauliza nini. Wakati wa mapumziko mkufunzi anakaa mbali. Mtu mzima anayemnong'oneza kijana wa miaka 17 mbele ya wenzake anamwaibisha. Mazungumzo ya tathmini yaje baadaye, akishapumzika. Hapo maswali ni mafupi: ulisikia wanaongelea nini, ulifanya nini, unadhani aliyekuwa karibu nawe alijisikiaje, kesho tubadili kipi. Wewe mama unaweza kufanya hivyo pia, mradi isiwe mlangoni mara tu anapoingia.

Nimefika kwenye kujifungia chumbani, na hapa ningekuwa makini sana. Kujibana siku nzima ili usionekane una usonji kunachosha kwelikweli. Utafiti kwa watu wazima umeonyesha kwamba wanaojificha sana ndio pia wenye wasiwasi na sonona zaidi. Kwa hiyo kila stadi anayofundishwa ipitishwe kwenye swali hili: inampatia kitu anachokitaka, au inaficha tu kitu ambacho wengine hawapendi kukiona? Kuuliza swali linalohusu mada kunampatia kitu. Kulazimishwa kumtazama mtu machoni kwa sekunde kadhaa ni kuficha; wengi wenye usonji wanasema wakitazama macho hawasikii kinachosemwa. Ageuze mwili kumwelekea msemaji, atazame anapopenda. Kuchezesha vidole nako msimzuie. Kama kwenye kozi alifundishwa kujilazimisha kutazama macho au kuzuia vidole, mwambie wazi kwamba halazimiki tena, na huenda jioni zenu zikabadilika. Ile saa ya upweke baada ya shule usimwondolee.

Wenzake nao wana sehemu yao. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kunatoka pande zote mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila hakuna anayempeleka kozi. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake waliwapa watu vipande vifupi vya watu wenye usonji na wasio nao wakiongea. Wenye usonji walipendwa kidogo kuliko wasio nao ndani ya sekunde chache tu, lakini wakadiriaji waliposoma maneno yaliyosemwa bila kuona wala kusikia, tofauti iliondoka. Yaani maneno ya mwanao yanaweza kuwa sawa kabisa na bado akakataliwa. Mwalimu mmoja anayeweza kumpa kazi ya pamoja na wenzake wawili wapole atasaidia kuliko somo jingine la tabasamu. Na kama kule kutazamana ni kumdhihaki, tafadhali lipelekeni kwa uongozi wa shule kama uonevu. Kijana aliyefundishwa kukubalika tu, bila kufundishwa kusema "sitaki" na kuondoka, ni windo rahisi ukubwani.

Jambo la kuchunguza pembeni: takriban vijana wanne kati ya kumi wenye usonji wana tatizo la wasiwasi linalokidhi vigezo vya utambuzi. Ukiona anatetemeka, anaumwa tumbo asubuhi za shule au anaanza kukwepa kwenda, aone mwanasaikolojia kwanza. Stadi zitasubiri.

Kupima: achana na dodoso linalomuuliza anajua nini. Tumieni kipimo cha kufikia lengo, kinachotumika tangu 1968, chenye ngazi tano kutoka −2 hadi +2. Mfano wa kwenu: −1 ni hali ya leo, anasimama pembeni au anadakia. −2 ni kuacha kabisa kwenda uwanjani. 0, yaani tunachotarajia baada ya miezi miwili, ni kumuuliza mwenzake swali linalohusu mada yao na kubaki hapo dakika tano, mara mbili kwa wiki. +1, wanaongea kwa kupokezana. +2, anaalika au anaalikwa kufanya jambo pamoja na mtu. Kila wiki mbili mwanao ajipe alama, na mwalimu mmoja atoe yake bila kuiona ya mwanao. Alama zikipishana sana, zungumzeni kuhusu hiyo tofauti.

Mpigie mkufunzi umuulize kama yuko tayari kutoka darasani, kutoa kazi za kufanya na watu halisi, na kukufundisha wewe na baba. Akikubali, endeleeni naye. Jibu likiwa ni kozi ileile tu, msilipe. Ila kabla ya simu hiyo kaa na mwanao, au mwandikie ujumbe kama maandishi yanamfaa zaidi, umuulize anataka nini hasa. Akisema hana haja na kikundi cha mapumziko, anatamani mtu mmoja tu wa kuongea naye habari za treni, basi futa mfano niliouweka hapo juu na uandike wake.