Komwe kumi kwa kila mtoto, si ndoo nzima

Mwalimu mmoja wa darasa la awali hapa Tanga kaniandikia juma hili. Alikusanya komwe (mbegu za kuchezea bao), visoda, mchanga wa pwani na kamba za katani, Jumatatu akavimwaga vyote mkekani. Kufika Jumatano nusu ya komwe hazionekani, watoto wawili wametiana mchanga machoni, na mwalimu mkuu kapita dirishani akauliza, "Leo tena mnacheza?" Sasa anataka kujua kama arudi kwenye ubao na daftari.

Asirudi. Vifaa vyake ni vizuri, kilichomponza ni wingi. Mtoto wa miaka mitano akiwekewa rundo hahesabu, anazoa.

Tuanze na trei ya mayai, maana ndiyo itakayookoa komwe zake. Trei ya mayai 30 ina safu 6 za vishimo vitano vitano. Ikate kila baada ya safu mbili, utapata vipande 3 vya vishimo 10, tano juu na tano chini. Watoto 24 watahitaji trei 8 na komwe 240. Kisu chenye meno hukata vizuri kuliko mkasi, kwa kuwa mkasi huponda vishimo. Trei yenye doa la yai au kinyesi cha kuku itupe, karatasi haifuliki. Komwe zikikosekana, visoda vinafaa, ila kingo zake zigongwe kwa nyundo zilale kwanza. Maharage na kunde usiviingize darasani: punje ikiingia puani huvuta unyevu, ikavimba, na hapo ni safari ya hospitali. Komwe zenyewe zisiachwe mahali penye wadogo zao wa chini ya miaka mitatu.

Mchezo wa kwanza ni komwe moja, kishimo kimoja, neno moja. Katika umri huu mdomo hukimbia kuliko kidole. Mtoto anafika "kumi" huku kagusa komwe saba tu, na kishimo ndicho kinachomlazimu mdomo usubiri mkono. Akimaliza muulize, "Ziko ngapi?" Akianza upya kutoka moja, bado hajajua kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo jibu. Usimpe jibu. Rudi kwenye komwe 3, ahesabu, kisha zifunike kwa kitambaa na umuulize tena. Sasa hana cha kugusa, atalazimika kukumbuka. Wengi hukaa hapa siku kadhaa, na walimu wengi hukosa subira hapa hapa, wakakimbilia 20.

Mchezo wa pili unataka kifuu cha nazi na komwe 5. Watoto wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anazihesabu mbele ya mwenzake, anaficha baadhi chini ya kifuu na kuacha nyingine nje. Zikibaki 2 nje, ndani ziko ngapi? Wengi watasema "tano", kwa sababu wanaitaja jumla waliyoisikia. Anayekosea mara mbili mpe yeye kifuu, awe mfichaji. Akizitenganisha kwa mikono yake, ataona kwamba tano ile ile imegawanyika pande mbili. Usipande hadi 6 mpaka waijibu 5 bila kutazama vidole. Hapo ndipo kujumlisha na kutoa kunapoanza, kabla ya alama yoyote kuandikwa ubaoni. Daftari lenye ukurasa mzima wa tarakimu ya 5 linamfurahisha mzazi, lakini linachothibitisha ni kwamba mkono ulinakili. Tuache kuwadanganya wazazi kwa madaftari, walimu wenzangu, na tuache kujidanganya wenyewe.

Katani ndiyo mali yetu ya Tanga, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Kata kamba nyembamba za sentimita 50, zisugue kwa kitambaa kibichi kupunguza nyuzi zinazochoma. Tatizo kubwa ni ncha: inafumuka, haipiti tunduni, mtoto anaitia mdomoni kuilowanisha, inafumuka zaidi, anaacha. Yeyusha mshumaa nyumbani, chovya sentimita 3 za ncha, kisha izungushe kwa vidole nta ikiwa vuguvugu. Ikikauka inakuwa kama sindano isiyodunga. Ncha ya pili piga fundo linalozidi tundu. Cha kutunga ni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, vilivyotobolewa kwa msumari wa inchi 4 uliopashwa moto, nje ya nyumba, kwa sababu moshi wake ni mbaya. Vifuniko 12 kwa mtoto vinatosha: bluu, nyeupe, bluu, nyeupe. Anayepotea njiani mwambie aisome kamba yake kwa sauti kutoka kwenye fundo. Atalisikia kosa kabla hajaliona, na atalichomoa mwenyewe. Vidole hivyo viwili vinavyosukuma ncha ndivyo vitakavyoshika penseli.

Mchanga unataka maneno machache. Wa pwani una chumvi inayouma kwenye vidonda, basi usuuze mara 3 kwa maji baridi ya bomba, uanike, uchekeche. Wa kuandikia herufi uwe mkavu, kina cha sentimita 1 tu, kwenye sinia yenye kitako cheusi ili mstari uonekane. Ukizidi, kingo za herufi huporomoka. Na mchanga ukiwa mchache, wa kumrushia mtu nao hupungua. Wa kufinyanga changanya makopo 8 ya mchanga mkavu na kopo 1 la maji. Watoto wanne kwa sinia, wa tano ndiye huleta ugomvi.

Unga wa ngano wa kuchezea, mimi siupendi. Chumvi yake huvuta unyevu wa bahari, na mchana unanata kama ubani. Udongo wa mfinyanzi ni bora, na haununuliwi.

Zikibaki dakika 3 za kipindi, kila mtoto akirudishe kipande chake cha trei kikiwa kimejaa, na kishimo kitupu kikuambie ni komwe ya nani iko mfukoni. Na mwalimu mkuu akipita tena dirishani, mkaribishe aketi mkekani, mtoto amfichie kwa kifuu. Muanzishie na komwe 9.