Porsche iliyotumika: ninunue sasa au nisubiri?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wetu. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini. Tangu ujana naipenda Porsche 911, na sasa nimepata moja ya mwaka 2017. Imetumika, ushuru umelipwa, na ina namba za Kenya. Mwenye yadi anataka shilingi milioni 11. Mimi nina milioni 8, na zimekaa zaidi ya mwaka. Zinazopungua naweza kukopa benki, au nimlipe yeye kidogo kidogo kwa miezi 18 na bei iwe milioni 12. Anataka laki 5 za kushikia gari, na nikibadili nia hazirudi. Mke wangu asema nisubiri. Marafiki wanasema nikisubiri nitalikosa, maana ushuru unapanda na gari kama hili halishuki bei. Nyumba aliyotuachia baba Mji wa Kale nimebaki nayo mimi. Dada yangu tulikubaliana nimpe milioni 3 kwa fungu lake; nimempa laki 5, huu ni mwaka wa 4, na yeye hana haraka. Hija bado sijakwenda. Je, kununua gari hili ni israfu? Ninunue au nisubiri?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, jibu langu ni usubiri. Lakini sababu yangu si ile unayoiogopa, kwa hiyo nianze na neno la israfu.

Kupenda kipando kizuri chenye mbio si dhambi. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi waliotayarishwa kwa mbio kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, kama alivyopokea Ibn Umar katika Bukhari na Muslim. Ngamia wake Adhbaa alikuwa hapitwi, hata siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana akampita, na masahaba wakaona uzito. Mtume akawaambia kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokipandisha kitu cha dunia ila hukishusha. Hakuwakemea kwa kupenda mbio. Na katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na ni pambo pia, kisha anasema anaumba msivyovijua. Pambo limetajwa na Muumba mwenyewe. Wako wanaosimama na kusema gari lolote la bei kubwa ni haramu. Hao wanaharamisha bila ya dalili, na aya ya 32 ya Suratul-Aaraf inawauliza: ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake?

Israfu hupimwa kwa hali ya mtu na haki zilizo juu yake. Milioni 11 kwa mtu aliyetimiza haki zote na bado ana akiba si sawa na milioni 11 kwa mtu ambaye ndani ya pesa zake mna pesa za mwenzake. Suratul-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, bali huwa baina ya hayo.

Kipimo kinachokufaa zaidi ni hadithi ya Abu Hurayra, katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Kuna ambaye farasi ni thawabu kwake, naye ni aliyemfuga katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kuna ambaye farasi ni sitara kwake: amemfuga ajitosheleze na ajistahi, na hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu katika shingo ya farasi wala mgongo wake. Na kuna ambaye farasi ni mzigo wa dhambi, aliyemfuga kwa fahari, kwa kuonyesha watu, na kwa uadui juu ya Waislamu. Farasi ni yuleyule. Hebu jiulize kwa ukweli, bila ya mtu kukusikia: lau gari hili lingekuwa haliwezi kuonekana na jirani yeyote wa Nyali wala rafiki yeyote wa mjini, ungelitaka bado? Kama ndiyo, basi ni mapenzi halali na hakuna wa kukulaumu. Nawe ukilipata, barabara ni ya watu wote. Mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na kuwatia hofu wenye tuktuk na watoto wa madrasa usiku ni kudhuru, na Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa sentensi moja ukapita. Kwangu ndilo swali lenyewe.

Dada yako hakuomba zawadi. Fungu lake limewekwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, mwanamume apate mafungu mawili ya mwanamke, na aya hiyo inamalizika kwa kuliita jambo hilo faradhi itokayo kwa Mwenyezi Mungu. Mlipokubaliana bei ya milioni 3, haki yake katika nyumba imegeuka deni shingoni mwako. Umelipa laki 5. Zimebaki milioni 2 na nusu, na wewe una milioni 8 zilizolala. Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi iliyoafikiwa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Neno dhuluma ni lake Mtume, mimi sikuongeza.

Utaniambia: mwenyewe hana haraka. Nakuomba usilitegemee neno hilo. Hapa pwani yetu nimewaona dada wengi wasioweza kumdai kaka mirathi, kwa haya, kwa kuogopa kuambiwa wamevunja udugu, au kwa kuwa kaka ndiye watakayemkimbilia ndoa ikiharibika. Wananyamaza, na sisi tunasema wameridhia. Wanachuoni wamesema kinachochukuliwa kwa nguvu ya haya ni kama kinachochukuliwa kwa upanga. Na hata akiwa ameridhia kikweli kukungojea, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi deni lililokwisha kufika halirudi kuwa la muda kwa ahadi tu ya mwenye kudai. Ni hisani yake, na anaweza kukudai kesho asubuhi.

Liko jengine ambalo huenda hukulijua. Deni lililo kwa mtu mwenye uwezo na asiyelikana, kwa madhehebu yetu linatolewa zaka na yule anayedai. Maana yake dada yako aweza kuwa anawajibika kutoa zaka ya pesa ambazo hajazishika, wewe umezishika, na unafikiria kuzipeleka yadi. Mpe zake kabla hujaenda tena kulitazama gari. Mpe zote kwa mara moja, mbele ya mashahidi, na muandikiane. Tena usimuulize kama anazihitaji, kwa sababu swali hilo litamtia haya aseme hapana.

Na zako pia zina zaka. Milioni 8 zikiwa zimetimiza mwaka wote mkononi mwako, zaka yake ni laki 2, na katika madhehebu yetu deni ulilonalo halikuondolei wajibu huo. Piga hesabu: ukitoa milioni 2 na nusu za dada na laki 2 za zaka, zinabaki milioni 5 na laki 3. Hizo hazifiki hata nusu ya bei ya gari. Kumbe ulipodhani umepungukiwa na milioni 3, umepungukiwa na milioni 5 na laki 7. Hii ndiyo sababu nimesema usubiri. Ukishalinunua kwa matumizi yako gari lenyewe halina zaka, kwa hadithi ya Abu Hurayra kuwa Muislamu hana zaka katika farasi wake. Ila ukinunua kwa nia ya kuliuza bei ikipanda, hiyo ni mali ya biashara, na kila mwaka utatoa robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5, ya thamani yake ya siku hiyo.

Kuhusu mkopo wa benki ya kawaida wenye riba, sina maneno mengi: haufai. Si dharura kwa namna yoyote. Kulipa kwa miezi 18 kwa milioni 12 kunafaa kwa kauli ya wanachuoni wengi, maadamu kabla ya kuachana mmekata bei moja, na haikuwekwa faini ya kuchelewa, kwani faini hiyo ndiyo riba yenyewe. Kisichofaa ni kuondoka mkiwa mmeacha bei mbili wazi. Nchi yetu tangu 2008 ina benki zinazofuata Sharia, na ukiziendea kwa murabaha, yaani benki inunue kitu kisha ikuuzie kwa faida inayojulikana, hakikisha benki imelinunua gari na kulimiliki kwanza ndipo ikuuzie. Ikiwa inakupa pesa tu ukalipe mwenyewe, basi ni mkopo uliovalishwa kanzu. Lakini haya yote ni baada ya dada.

Laki 5 za kushikia ni masuala ya arbuni. Imam Shafi na wengi wameona sharti la kuwa hazirudi linabatilisha mauzo; Imam Ahmad ameruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa mwaka 1993 lilifuata kauli ya kuruhusu kwa sharti la kuweka muda maalumu. Mimi siwezi kukushauri uziweke kwa gari ambalo bado hujalikagua.

Na kukagua ni lazima ulichukulie kama sehemu ya dini. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi maziwa yakajaa matitini ili mnunuzi ahadaike, na akampa aliyehadaiwa hiari ya kumrudisha. Kurudisha nyuma kilomita za dashibodi ni hadaa ileile. Fiqhi inatutaka turudi kwa watu wenye ujuzi wa kitu, kwa hiyo mchukue fundi anayezijua Porsche, wala asiwe fundi wa yadi. Injini ya 911 imekaa nyuma, baada ya ekseli ya nyuma, na si kila gereji ya mjini imewahi kuifungua. Aipime kwa kompyuta, alinyanyue gari atazame chini kama chumvi ya bahari imekwisha kula chuma, asome daftari la matengenezo alinganishe na kilomita, na kama limetoka Japani adai karatasi ya mnada. Umiliki uutazame kwenye NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kabla ya kulipa. Na ujue kuwa bei ya gari hushuka kwa kutumika, lakini bei ya vipuri vyake inabaki ya gari jipya. Yapimeni pia matumizi yenyewe: gari lililo karibu na ardhi namna hii litapita vipi kwenye matuta ya mitaani, na kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni maji yakiwa yametoka?

Muuzaji akikuambia gari linauzwa lilivyo na hakuna kurudisha, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hilo halimtoi kwenye aibu, yaani kasoro, ya bidhaa kama hii. Ukigundua kasoro ya kabla ya kununua una haki ya kurudisha, ila usikawie, kwani kukawia bila udhuru kunaiangusha haki hiyo. Na mwenye yadi akisoma haya, akumbuke hadithi ya Hakim bin Hizam: wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa mauzo yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya mauzo yao hufutwa.

Marafiki zako wamesema kweli nusu. Ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, wewe unayajua haya kuliko mimi. Lakini huo ni ushuru wa kuingiza, na gari hili limeshaingia. Kama halishuki bei, mbona mwenyewe anataka kulitoa? Hofu ya kukosa ndiyo inayomfanya mtu mwenye akili alipe siku ya Ijumaa kitu ambacho Jumatatu angekihoji. Riziki yako haimfikii mwengine.

Hija kwa madhehebu yetu si lazima uifanye mwaka uleule unapopata uwezo, maadamu umeazimia na huogopi kushindwa baadaye. Maimamu wengine wameiona ya haraka. Ila mwenye uwezo akafa hajahiji amekufa na dhambi, na itatolewa gharama katika mali yake kabla ya warithi. Mimi ningetanguliza Hija mbele ya Porsche bila ya kufikiri mara mbili, na ninakupendelea ninalolipenda nafsi yangu.

Mke wako amekupa rai njema. Msikilize, tena mwambie kuwa alisema sawa. Ukishamaliza haki hizi, na pesa zikatimia kwa halali, mwaka mmoja au mitatu, swali rakaa mbili za istikhara, yaani kumuomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Jabir. Usingoje ndoto. Omba, kisha endelea na hatua zako, na likirahisika na lina kheri utalipata, likifungika ujue umeepushwa. Na istikhara hiyo ni ya gari peke yake. Katika kumlipa dada hakuna istikhara, kwa sababu haiswaliwi juu ya wajibu. Hilo ufanye wiki hii.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.